Dawa ni ya bure, pirogi si ya bure

Maneno tuliyosoma mbele ya wanachama na wafadhili, Kisangani



Tuanze na ndugu yetu mmoja wa Lubunga. Wakati wa machafuko ya 2023 alikuwa katika mwezi wa tatu wa dawa za kifua kikuu. Alikimbia na watoto, fishi ya matibabu ikabaki ndani ya nyumba, na nyumba ikaungua. Huku ng'ambo, kambini, akanyamaza. Aliogopa majirani watahamisha mikeka yao. Sasa, dawa za kifua kikuu ni miezi sita: miwili ya kwanza unameza dawa nne, minne inayofuata mbili. Ukiacha katikati, ugonjwa unaweza kurudi na nguvu, na dawa zilezile zikashindwa. Ndugu yetu tulimpata amebaki mifupa tu. Alianza tena toka siku ya kwanza, na mtoto wake naye alikuwa anakohoa.

Dawa yenyewe ni ya bure! Hata kati yetu wako wasiojua. Mfuko wa Dunia, ulioanza 2002 kupigana na SIDA, kifua kikuu na malaria, unasaidia kulipa dawa na vyandarua vinavyofika Kongo. Hatudharau. Kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, nchi yetu ni ya pili duniani nyuma ya Nigeria, na bila vile vyandarua tungezika watoto wengi zaidi.

Lakini feza ya Geneva haivushi mtu mto. Lubunga ni komini peke yake iliyo upande wa kushoto. Mgonjwa akitumwa mjini kupimwa, ni pirogi kwenda, pirogi kurudi, halafu wewu, na kumeza dawa kali ukiwa na njaa kila siku ni kazi ngumu. Ndiyo kazi ya sanduku letu, lile lililotoka kwa likelemba ya akina mama. Ni dogo, tusidanganyane.

Na mambo yanakaza. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake mingi. Novemba, kule Johannesburg, Mfuko wa Dunia uliahidiwa dola bilioni 11.34, wakati ulikuwa umeomba 18. Sisi tulio mwisho wa njia tunasikia pengo hilo mapema.

Kwa wafadhili tunaomba hivi: msituletee tena mashati yenye picha (tunayo ya kutosha, tunalima nayo). Tupeni nauli ya mto na unga wa miezi sita kwa kila mgonjwa anayeanza dawa.

Kwa wanachama: kila anayemeza dawa za kifua kikuu au za SIDA aombe muganga amwandikie fishi ya pili, aiweke kwa mtu anayemwamini, nje ya nyumba yake. Komite haitauliza ni nani. Atakayekosa nauli amwone mama mweka sanduku pembeni, leo hii, kabla hatujaachana.