Fangasi Ikiingia Damuni, Dawa Gani Ianze?

Ndugu na dada wa vikundi vya Malaba na Busia, leo tuzungumze juu ya fangasi iitwayo kandida.

Wengi mnaijua. Ni ule utando mweupe mdomoni mwa mtoto mchanga, au mwasho unaowasumbua akina mama. Mdomoni, matone ya nistatini mara nyingi yanatosha. Ikishuka kooni, hata mtu akashindwa kumeza, anahitaji vidonge vya flukonazoli kwa wiki mbili hadi tatu. Mtu mzima wa namna hii apimwe pia virusi vya UKIMWI.

Lakini kuna ile ya damuni, na hiyo inaua. Huwapata hasa wagonjwa mahututi: waliopasuliwa tumbo, watoto waliozaliwa kabla ya wakati, waliowekewa mipira kwenye mishipa mikubwa. Homa haisikii dawa za bakteria. Hapo si kazi ya kemisti. Damu hupelekwa maabara ikaoteshwa, ijulikane ni kandida ya aina gani.

Je, daktari aanze na dawa gani? Kwa aliyezidiwa, huanza na jamii ya ekinokandini, kama mikafungini, inayopitishwa mshipani. Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Shida ni bei, tena hazipatikani kila mahali. Zikikosekana kuna amfoterisini B, lakini figo lazima zichungwe. Flukonazoli yafaa kwa asiyezidiwa sana, ambaye hajaitumia karibuni. Mpira wa mshipani nao hutolewa ikiwezekana, na dawa huendelea siku 14 baada ya damu kuwa safi.

Mtauliza, mbona flukonazoli isianze kwa wote, na ni rahisi? Katika hospitali moja ya Nairobi, wagonjwa 201 walikutwa na kandida damuni kati ya 2010 na 2016. Kati yao 77 walikuwa na Candida auris, aina ambayo mara nyingi haisikii flukonazoli.

Basi tufanyeje? Tusinunue vidonge viwili vitatu, huku wala ng'ambo ya mpaka. Ukipewa dozi, maliza. Ukifika hospitali, taja kila dawa uliyokunywa. Mama mjamzito aseme mapema. Na kila kikundi kitenge nauli ya mgonjwa, maana homa haingojei siku ya mkutano.

Zungumzeni kikundini: Nani kwetu hununua dawa bila kupimwa, na kwa nini? Mfuko wetu unaweza kumfikisha mgonjwa hospitali usiku huu?