Habari za Mwani wa Magadi
(Hotuba ya Katibu katika Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Kumi)



Miaka yote mmetuuliza habari za bei na mbolea. Mwaka huu mmetuuliza habari za unga wa kijani uitwao spirulina, na kama yafaa kutoa fedha za akiba ya Chama kujenga mabirika yake. Hatuna budi kujibu.

Kitu chenyewe ni mwani mdogo mno umeao katika maziwa ya magadi kama Bogoria. Heroe wadogo huula, na wekundu wa manyoya yao watoka humo. Watu nao wameula tangu zamani. Huko Kanem, katika nchi ya Chadi, wanawake huuteka katika vidimbwi vya magadi na kuumimina juu ya mchanga. Maji huzama, utando hukauka juani, nao hukatwa vipande vikauzwa sokoni kwa jina la dihe. Hupikwa mchuzi wa kulia ugali wa uwele. Wanaume hawaruhusiwi kuingia majini, ati ziwa litakuwa tasa. Wanawake wa Chama chetu walipoisikia habari hiyo walicheka sana.

Ukikaushwa, karibu sehemu 60 katika 100 ni protini, hali maharage makavu hayapiti 25. Lakini maharage twala kwa sahani, na unga huu kwa kijiko. Gramu 10 zake zatoa protini gramu 6, kadiri ya yai moja la kuku. Basi awaambiaye kwamba kijiko kimoja chamtosha mtoto kutwa, msimsadiki. Chuma kimo, ila vitamini B12 isifiwayo na wauzaji, sehemu kubwa yake mwili wa binadamu hauwezi kuitumia.

Wala asichote mtu maji ya ziwa akayakausha. Humo huota na miani mingine yenye sumu, na sumu hizo zimepatikana katika heroe waliokufa huko Bogoria. Wa kuliwa hukuzwa katika birika safi, ukakorogwa, ukachujwa kwa kitambaa na kukaushwa upesi.

Rai yetu ni birika moja tu, kwa msimu mmoja, hesabu zake zisomwe mbele yenu, na mavuno ya kwanza yapimwe maabara kabla hayajafika kinywani mwa mtoto. Fedha za mbegu za maharage zisiguswe. Halmashauri imekwisha kuipokea rai hii. Sasa yangoja kura zenu.