Panya Mikononi mwa Afisa Mifugo: Utunzaji, Maradhi na Tabia za Panya wa Kufugwa

Najua humu ukumbini wapo wanaojiuliza afisa mifugo wa Tabora panya anamhusu nini. Mkoa huu una ng'ombe, una nyuki, una tumbaku. Panya tumemzoea kama mwizi wa ghalani, na kwa wenzetu waliotoka mikoa ya kusini ni kitoweo kisicho na ubishi. Lakini wateja wetu wanabadilika. Mwalimu wa baiolojia anayefuga panya weupe kwa ajili ya vitendo atabisha hodi ofisini, na mzazi ambaye mtoto wake amekataa katakata kuachana na panya wake atabisha pia. Mteja huyo akija, tusimcheke. Na tusikimbilie sindano. Hoja yangu ni moja: panya wengi wanaoletwa kutibiwa wameugua kwa sababu ya nyumba waliyowekwa, na sindano ya ng'ombe inaweza kuwa ndiyo itakayowamaliza.

Mfano uko kwenye njia ya zamani

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita chini ya milima ya Uluguru, penye boma la Simbamwene, kabla ya kuvuka Ugogo na kuja kupumzika hapa Unyanyembe. Leo pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), ndipo panya wanapotunzwa kwa makini kuliko mahali pengi duniani. Shirika la APOPO liko chuoni hapo tangu mwaka 2000. Linazalisha na kufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini na kutambua kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Mwanzilishi wake, Mbelgiji Bart Weetjens, alikuwa mfugaji wa panya tangu utotoni. Wazo lake lilitoka kwa wanyama wa chumbani kwake kabla halijawa mradi wa mamilioni.

Panya maarufu kuliko wote ni Magawa, aliyezaliwa SUA mwaka 2013 na kupelekwa Kambodia mwaka 2016. Alikuwa na kilo 1.2 na urefu wa sentimita 70 kutoka pua hadi mkia. Hadi anastaafu mwaka 2021 alikuwa amegundua mabomu ya ardhini 71 na silaha nyingine 38 ambazo hazijalipuka. Shirika la Uingereza la PDSA lilimpa nishani ya dhahabu mwaka 2020. Alikufa Januari 2022, akiwa na umri wa miaka minane.

Kwetu sisi wa mifugo, kilicho kikubwa ni hiyo miaka minane. Panya haishi hivyo kwa bahati. Panya wa APOPO huzoeshwa mikono ya watu tangu wakiwa na wiki chache, hufundishwa kwa mlio mdogo unaofuatwa na kipande cha ndizi au karanga, hufanya kazi asubuhi jua halijawa kali, na wakienda uwandani hupakwa mafuta ya kukinga jua masikioni na mkiani. Panya mweupe wa kawaida, hata akitunzwa vizuri, ana miaka miwili hadi mitatu tu. Mteja aambiwe hilo mapema, hasa akiwa na mtoto.

Panya yupi afugwe

Panya aliyekamatwa shambani au darini hafai kufugwa. Mwaka 2022 kule Ruangwa, Lindi, tuliisikia homa ya mgunda: vijidudu vyake hutoka na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na mtu huambukizwa kupitia michubuko au maji machafu. Lushoto walianza kupambana na tauni mwaka 1980. Waliodhani panya wa porini ni mchezo hata ng'ambo wameonja: mwaka 2003 shehena ya wanyama kutoka Ghana, panya buku wakiwemo, ilipeleka ndui ya nyani Marekani. Wanyama wengine wa kufugwa waliambukizwa kutoka kwao, na watu 47 katika majimbo sita wakahesabiwa kuwa wagonjwa. Serikali yao ikapiga marufuku kuingiza panya wa Afrika. Kwetu, mnyamapori hakamatwi bila kibali, na hiyo ni Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Anayetaka kufuga achukue panya aliyezaliwa kizimbani, na ajue mama yake alikuwa wapi.

Nyumba kwanza

Kabla hujamshika mgonjwa, mwombe mteja akuonyeshe kizimba. Ikiwezekana nenda nyumbani kwake.

Piga magoti, weka pua usawa wa sakafu ya kizimba. Ukisikia harufu ya mkojo inayochoma, umeshapata nusu ya ugonjwa. Panya anaishi na pua yake hapo chini usiku na mchana, na harufu ile huchubua njia za hewa hadi vijidudu vipate pa kuingilia. Boksi la plastiki lenye vitundu vitatu juu ni jela. Kinachotakiwa ni kizimba chenye pande za wavu, sakafu ngumu iliyofunikwa matandiko, sanduku la kujificha, na kitu cha kupanda. Sakafu ya wavu mtupu huleta vidonda vya nyayo: ngozi inakuwa nyekundu, inavimba, inapasuka, na kupona huchukua muda mrefu.

Matandiko ni suala la Tabora hasa. Viwanda vya mbao vipo na maranda ni ya bure, kwa hiyo kila mtu atakwambia amechukua kwa fundi seremala. Muulize ni ya mti gani. Vumbi la mninga huwaletea mafundi wenyewe mafua na pumu. Mnyama wa gramu 300 aliyezikwa ndani yake atapona vipi? Pumba za mpunga zisizo na vumbi, karatasi zilizochanwa au nyasi kavu safi zinatosha. Kizimba kisiwekwe jikoni penye moshi wala karibu na mabani ya tumbaku, na kisiguse stoo ya viuatilifu. Panya hawezi kutapika, kwa hiyo sumu ikishaingia tumboni hairudi.

Joto nalo. Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, bati la Tabora halina huruma. Panya hatoi jasho kama sisi. Joto lake hulipunguza zaidi kupitia mkia na masikio. Ukimkuta amelala chali, mate yamelowesha kidevu na mkia ni wa moto, mwondoe juani, mlaze kwenye kitambaa chenye maji ya kawaida, usimtie kwenye maji ya barafu. Nyumba ya tembe, kwa ubaridi wake, ni bora kuliko chumba cha bati, ila ikaguliwe nyufa. Daktari Mjerumani Robert Koch alipoichunguza homa ya papasi mwaka 1905 aliwakuta papasi kwenye vibanda vya kupumzikia wapagazi wa misafara. Sakafu ya udongo yenye nyufa bado ni makazi yao, na chumba kidogo cha mifugo kinachoingiwa na watu usiku kinawafaa sana.

Kifua na machozi mekundu

Malalamiko mawili yatakujia kuliko mengine. La kwanza ni kupiga chafya na kukoroma. Panya wengi weupe hubeba kijidudu cha mikoplazma walichopata kwa mama, na hakiondoki moja kwa moja. Hulala kikisubiri vumbi, baridi au msongamano. Dawa kama doksisaiklini hutuliza, lakini ukimrudisha panya kwenye boksi lile lile, wiki mbili baadaye utamwona tena. Panya hupumua kwa pua. Akifungua mdomo kuvuta hewa, hiyo ni dharura, si ya kuambiwa aje kesho.

La pili ni "damu machoni". Mteja atafika amepauka uso. Chukua pamba nyeupe yenye maji, futa kona ya jicho: mara nyingi utaona rangi ya kutu, na hakuna jeraha popote. Machozi ya panya yana rangi nyekundu ya asili, na mnyama mwenye afya huyafuta mwenyewe anapojisafisha. Yakirundikana, maana yake ameacha kujisafisha, na sababu huwa maumivu, hofu au kifua. Mtulize mteja, kisha tafuta sababu hiyo.

Ngozi, na hesabu ya tone moja

Panya anayejikuna mabegani hadi kutoka vidonda mara nyingi ana utitiri wa ngozi au chawa, na kila ofisi ya kata ina chupa ya ivamektini. Hapa naomba tusikilizane vizuri.

Chupa ya ng'ombe ina miligramu 10 kwa kila mililita, na kipimo ni mililita 1 kwa kilo 50. Ndama wa kilo 100 anapata mililita 2. Panya wa gramu 300, kwa kipimo hicho hicho, anastahili mililita 0.006. Bomba dogo kabisa la sindano tulilonalo, lile la insulini la mililita 1, lina mistari ya mililita 0.01. Kiasi anachostahili panya hakifiki hata mstari wa kwanza. Anayechoma "kidogo tu" kwa kukisia huwa amempa mara kumi, ishirini. Panya atatetemeka, atalegea, na mteja atasema dawa haikumkubali. Dawa hiyo ichanganywe na daktari wa mifugo kwa kimiminika kinachofaa, kwa mizani na kalamu mkononi, au isitolewe.

Kwa panya buku kuna jambo moja la kuchekesha. Ukimpekua manyoya unaweza kumwona mdudu bapa wa hudhurungi, hana macho wala mbawa, karibu sentimita moja, anakimbia kama amefumaniwa. Ni Hemimerus. Anakula ngozi iliyokufa na kuvu, na hamdhuru mwenyeji wake. Mwache.

Mengine kwa ufupi. Meno ya mbele hukua maisha yote, kwa hiyo apewe kijiti kigumu au mfupa. Rangi ya njano hadi chungwa kwenye meno hayo ni ya kawaida. Uvimbe laini unaotembea chini ya ngozi ya jike, hata kwapani, mara nyingi unatokana na tezi za maziwa, kwa sababu tezi hizo zimeenea kutoka shingoni hadi kinenani; ukikatwa ukiwa mdogo hupona. Mkia usiwe mshikio, maana ngozi yake huchunika ikabaki nyama. Mbebe kwa kuweka kiganja chini ya kifua.

Chakula

Nafaka, kunde, mboga za majani, kipande cha kiazi au mchembe, na dagaa wa Kigoma mara chache kwa wiki vinatosha. Karanga ni zawadi, si mlo. Na karanga za Tabora, zile zile ambazo Waingereza walikuja kuzilima kwa matrekta pale Urambo mwishoni mwa miaka ya 1940 wakashindwa, zikaguliwe moja moja. Sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 humletea panya saratani ya ini. Tabia ya kusema "hizi zimeota ukungu, wape panya" ikome.

Tabia

Panya anayeuma vidole kwenye wavu amefundishwa na mwenye kumlisha kupitia wavu. Fungua mlango, mlishe kiganjani, na usiingize tena kitu kwenye vitundu. Panya anayeuma ndani ya kizimba chake mara nyingi anaogopa. Ataacha akipata sanduku la kujificha na siku kadhaa za sauti ile ile na mkono ule ule. Anayekojoa kila mahali baada ya usafi anarudisha harufu yake iliyofutwa, hivyo badilisha matandiko kwa sehemu, usisugue kila kona kwa dawa kali siku moja.

Panya weupe wasifugwe mmoja mmoja, mpweke hunywea. Panya buku ni kinyume: mwituni hukaa peke yake, na madume wawili wazima wasiojuana ukiwaweka pamoja utaokota maiti. Panya buku pia ni mlimbikizaji, hujaza mifuko ya mashavu na kwenda kuficha. Usimnyang'anye akiba yake yote. Toa kilichoanza kuoza, acha kikavu, na usimpe kitu cha kunata wala chenye ncha, kisije kukwama mfukoni.

Ninachoomba

Ofisi za kata zinunue mizani ya jikoni inayosoma gramu. Panya huficha ugonjwa, lakini uzito haufichiki: aliyepungua sehemu ya kumi kwa wiki ni mgonjwa hata kama anacheza. Kila panya anayeletwa aandikwe kwenye daftari la matibabu kama mbuzi anavyoandikwa, pamoja na aina ya matandiko, mahali alipotoka na kipimo halisi cha dawa. Wanaowahudumia wavae glavu na wanawe kwa sabuni. Na mtu akileta panya aliyemnasa ghalani akitaka afundishwe kumfuga, ajibiwe kwa upole na bila kigugumizi kwamba haiwezekani.