Mtoto Ajue Mizani
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi, Nakuru)



Tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya vijana wetu na mambo ya soko. Sisi si walimu. Tulisoma shule ya msingi ya misheni, kisha tukaingia reli. Lakini reli imetufundisha jambo moja: mzigo haupandi behewa mpaka upimwe na uzito wake uandikwe. Uzito ukiandikwa kwa uongo, iko siku mtu atalipa.

Chama hupigania mshahara kwa miezi mingi. Nyongeza ikipatikana twashangilia. Halafu twampa mtoto pesa na kumwambia, "Kimbia sokoni," bila kumfundisha lolote. Basi angalieni hesabu hii. Gorogoro ya mahindi huhesabiwa kuwa kilo 2. Ikiwa kitako chake kimegongwa kikabonyea ndani, na gramu 200 zikapungua, hiyo ni sehemu moja ya kumi. Nyumba inayonunua gorogoro 10 kwa mwezi imelipia 10 na kula 9. Mwaka ukiisha, gorogoro 12 zimekwenda. Nyongeza tuliyoipata mezani imechukuliwa tena sokoni, wala hapana aliyelalamika.

Yafaa kijana ajue kwamba kulalamika si utovu wa adabu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki nne. Kwanza, apate bidhaa na huduma za ubora unaofaa. Pili, aelezwe habari anazohitaji ili afaidi kile anachonunua. Tatu, alindwe afya yake, usalama wake na mali yake. Nne, alipwe fidia akipata hasara au kuumia kwa sababu ya bidhaa mbovu.

Haki hizo si maneno ya karatasi tu. Mwaka 2004, sehemu za Makueni na Kitui, mahindi yenye sumu ya ukungu yaliua watu zaidi ya 100. Mahindi ya sokoni yalipopimwa, mengi yalikutwa na sumu hiyo. Kwa hiyo kijana anayekataa mahindi yaliyoota ukungu hana maringo. Analinda wadogo zake.

Kila mzazi anaweza kufundisha haya: mizani ya biashara yapasa iwe na muhuri wa maofisa wa vipimo, pakiti itazamwe tarehe na alama ya ubora, risiti itunzwe, chenji ihesabiwe mbele ya muuzaji. Na kijana aseme kwa heshima, "Mama, naomba unipimie tena." Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Lakini, ndugu zetu, huo ni upande mmoja tu wa meza. Vijana wetu nao ni wauzaji. Wengine huuza mboga na mama zao, wengine hufanya vibarua sokoni wakati wa likizo.

Katika nyumba yetu kuna kijana wa miaka 16. Likizo moja alipata kibarua cha kujaza magunia ya viazi. Jioni alitusimulia jinsi ya kufunga lumbesa: gunia likijaa, mdomo wake huongezwa wavu, viazi vikapandishwa juu kama kilemba, na mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Alicheka, nasi tukacheka naye. Mama yake, ambaye kwao ni wakulima upande wa Molo, hakucheka. Akamwuliza, "Viazi vya kilemba hicho, nani aliwalipa wenyewe?" Kijana akanyamaza.

Kanuni za viazi za mwaka 2019 zasema gunia lisizidi kilo 50. Asubuhi yake kijana alimwuliza msimamizi habari ya kilo 50. Akaambiwa achague, kazi au nyumbani. Akarudi nyumbani. Hatuwezi kuwaficha kwamba pesa ile ilikuwa ya viatu vya shule, na viatu vikachelewa. Tulimwambia amefanya vema, lakini tulimwambia tukiwa na haya, kwa sababu sisi watu wazima tumeyaona magunia hayo miaka yote tukapita. Mtoto mmoja peke yake hufukuzwa. Hilo sisi wa chama twalijua kuliko watu wote.

Kwa hiyo twaomba mkutano ukubali mambo mawili. La kwanza, tawi linunue mizani moja, ipelekwe kukaguliwa na kupigwa muhuri, iwekwe ofisini, na mtoto yeyote aliyetumwa sokoni apite apime alichonunua. Kipimo kikipungua mara kwa mara mahali pamoja, si mtoto atakayekwenda kuuliza. Tutakwenda sisi, na tusiposikilizwa tutapeleka habari kwa ofisa wa vipimo. La pili, kila likizo tuwe na Jumamosi moja ya kuwafundisha vijana, wanunuzi na wauzaji pamoja.

Jambo hili si geni kwa wafanyakazi. Mwaka 1844, mjini Rochdale, Uingereza, wafumaji na wenzao walichoka na vyakula vilivyochanganywa na takataka na vipimo vya uongo. Walichanga kidogo kidogo wakafungua duka lao wenyewe, lenye unga safi na kipimo cha haki. Vyama vya ushirika vya nchi nyingi vilijifunza kutoka duka lile dogo.

Shule ya misheni ilitufundisha kwamba kupunja kipimo ni dhambi. Haikutufundisha kumwuliza mwenye duka, wala kumkatalia tajiri anayetutuma tupunje. Hayo mawili tuwafundishe watoto wetu, na wakiyafanya, wasitukute tumekaa.

Umoja ni nguvu.