Mgeni Aliyewafungulia Wageni Mlango

Somo letu la leo ni Injili ya Mathayo, sura ya 25, tangu mstari wa 31 hata mwisho wa sura. Twawaomba mlisome nyumbani pamoja na jamaa yenu. Humo Bwana anatuonyesha kwamba siku ile kuu tutaulizwa habari za mambo ambayo sisi twayaona kuwa madogo: chakula, maji, nguo, kumtazama mgonjwa na mfungwa, na kumpokea mgeni. Leo tulitafakari hilo moja, la kumpokea mgeni.

Mwaka 1922 mtu mmoja wa Abeokuta, Nigeria, jina lake Ladipo Solanke, alifika London kusomea sheria. Hakuwa kijana mdogo. Alikuwa amekwisha kupita miaka 30, tena alikuwa amesoma katika Chuo cha Fourah Bay huko Sierra Leone. Lakini katika mji ule elimu yake haikumkinga. Siku zile mwanafunzi Mwafrika alipokwenda kutafuta chumba, mara nyingi mwenye nyumba alifungua mlango, akaitazama ngozi yake, akasema vyumba vimejaa. Alikwenda mlango wa pili, na jibu likawa lile lile. Solanke mwenyewe alikuwa maskini, akawa anafundisha lugha yake ya Kiyoruba ili apate riziki.

Basi mtu aliye katika hali hiyo ana njia mbili. Aweza kuinamisha kichwa, akasoma vitabu vyake, akachukua cheti, akarudi kwao. Hakuna atakayemlaumu. Au aweza kuuliza: Je, wenzangu wanaokuja nyuma yangu watalala wapi?

Solanke aliuliza swali hilo. Mwaka 1924, wakati wa Maonyesho makubwa ya Dola ya Uingereza huko Wembley, gazeti moja la London liliandika habari za kuwadharau watu wa Nigeria. Yeye akaandika barua ya kupinga. Mwaka huo huo, akisaidiwa na Amy Ashwood Garvey, mama mwenye asili ya Jamaica, aliwakusanya wanafunzi wachache wa Nigeria wakaanzisha chama chao. Kisha akaona kwamba shida ya Mnigeria ndiyo shida ya mwana wa Sierra Leone, na wa Gambia, na wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Mwezi wa Agosti 1925, wanafunzi 21 waliungana wakaanzisha Umoja wa Wanafunzi wa Afrika ya Magharibi, uliojulikana kwa kifupi kama WASU. Solanke akawa katibu wake.

Ndugu zetu, jina hilo lina jambo la ajabu. Kwa Kiyoruba, neno linalotamkwa karibu sawa na hilo maana yake ni kuhubiri. Na umoja ule ulihubiri kweli kweli. Ulikuwa na gazeti lake, ulikuwa na mikutano na hotuba. Lakini kwa mwanafunzi aliyeteremka melini akiwa na sanduku moja na baridi mwilini, mahubiri yaliyomgusa zaidi yalikuwa kitanda, moto, na sahani ya chakula cha kwao.

Nyumba haikupatikana kwa urahisi. Mwaka 1928 Marcus Garvey aliwasaidia kupata nyumba magharibi ya London kwa muda. Na hapa habari hii inafika kwetu Kenya. Mwaka 1929 Johnstone Kenyatta, ambaye baadaye alikuwa Mzee Jomo Kenyatta, Rais wetu wa kwanza, alikwenda London akiwa ametumwa na Kikuyu Central Association kupeleka malalamiko ya watu wake. Hakuwa mtu wa Afrika ya Magharibi, wala hakuwa mwanachama wao. Lakini katika siku zake za kwanza mjini alilala katika nyumba ile ya WASU, na humo akaonana na Solanke. Nani angejua mgeni yule atakuwa nani? Mwenye kufungua mlango haulizi kwanza mgeni atakuwa nani kesho.

Muda wa nyumba ile ulipokwisha, Solanke alifunga safari mwaka 1929 kurudi Afrika ya Magharibi. Hakurudi kutafuta kazi ya heshima, ingawa alikuwa mwanasheria na angeipata. Alizunguka kuomba fedha, mji kwa mji, hata mwaka 1932. Fikirini: miaka mitatu ya kunyosha mkono, kwa ajili ya nyumba ambayo wengi watakaoilala hajawaona bado! Mwaka 1933 nyumba ikafunguliwa katika mtaa wa Camden Town. Yeye akawa msimamizi wake, na mkewe Opeolu akatunza nyumba na jiko. Tusimsahau mama huyo. Katika habari za viongozi twapenda kutaja wenye kusimama jukwaani, kumbe mara nyingi kazi imesimama juu ya mtu aliyesimama jikoni.

Hatusemi kwamba Solanke alikuwa malaika. Aligombana na wakubwa wa serikali, na katika miaka ya mwisho alikosana na vijana wa umoja ule ule alioulea. Hiyo nayo ni fundisho kwa viongozi wetu wa vyama na wazee wa kanisa: kazi ni ya Mungu, haina budi kukabidhiwa wengine. Alifariki London mwaka 1958, bila mali nyingi. Lakini milango aliyoifungua haikuhesabika kwa fedha.

Sasa tujitazame wenyewe. Katika vyuo vyetu wamo wanafunzi kutoka Sudan Kusini, Kongo, Rwanda, Burundi na kwingineko. Wengine huja kanisani wakaketi benchi la nyuma. Nasi twafanya nini? Tunakiri mbele yenu kosa letu. Jumapili moja tulimsimamisha kijana mgeni ataje jina lake, tukampigia makofi, tukampa mkono mlangoni, tukamwambia, "Karibu tena." Hatukumwuliza anakaa wapi. Hatukumwuliza amekula nini. Baada ya majuma matatu hakuonekana tena, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua pa kumtafuta. Tulidhani tumempokea, kumbe tulimsalimu tu.

Na ninyi vijana mlio vyuoni, iwe ni hapa au ng'ambo, ni vema kukutana na watu wa kwenu, kupika chakula chenu na kuimba nyimbo zenu. Lakini angalieni, kikundi chenu kisiwe ukuta. Solanke alianza na wa kwao, kisha akaongeza kiti, na kingine, hata mtu wa Kenya akapata pa kulala. Ukichaguliwa mwenyekiti, jiulize ni viti vingapi umeviongeza. Bwana wetu mwenyewe alijifunga kitambaa akaosha miguu ya wanafunzi wake, naye alikuwa Mwalimu wao.

Juma hili, tumtafute mgeni mmoja. Tumwulize jina lake, na mahali anapolala, kisha tumwalike mezani.

Tuombe. Ee Baba yetu, utusamehe kwa milango tuliyoifunga, na kwa salamu zisizokuwa na chakula. Uwalinde watoto wetu walio mbali, uwape mtu wa kuwafungulia. Nasi utufanye watu hao kwa watoto wa wengine. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.