Maneno yetu siku ya arobaini ya mama yetu, Lusangi



Tumeombwa kusema kidogo juu ya mama yetu. Sisi ni wafanyakazi wa shirika lenye kusaidia chama katika kazi ya mashamba. Wengi wetu hatukuzaliwa hapa Lusangi. Lakini tulikula kwake mara nyingi, tuna haki ya kusema.

Vita ya 1998 ilimtoa hapa na watoto watatu. Alipita Kabambare kwa miguu mpaka Fizi, akavuka ziwa, akafika kambi ya Lugufu, mkoa wa Kigoma. Alirudi 2007 kwa meli ya wakimbizi mpaka Baraka. Mnajua njia ile, mliitembea wenyewe, hatuongezi kitu.

Tunataka kusema juu ya kosa letu. Msimu wa kwanza wa kugawa mbegu, tuliandika listi ya wenye nguvu ya kulima. Tulipofika kwake tukakuta mama mzee mwenye fimbo, na wajukuu wanne. Binti yake alikufa akizaa. Kijana wake alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Namoya, hajarudi mpaka leo. Basi tukaandika: hawezi kulima. Hakupata kitu.

Siku ya kugawa alikuja hata hivyo, akakaa chini ya mwembe mpaka watu wakaisha. Tulifikiri anakuja kulalamika. Aliomba magunia matupu tu.

Magunia yale aliyajaza. Kumbe nyumbani alikuwa na beseni moja ya karanga, ameifunga vizuri na kuiweka juu ya jiko, moshi ufukuze wadudu. Alilima na wajukuu siku ya posho, na jioni wakitoka masomo. Mbegu zetu sisi zilichelewa njiani, barabara ya Kasongo mnaijua wakati wa mvua. Zilipofika, njaa ilikuwa imeingia, na nyumba zingine zilizipika. Hatuwalaumu. Msimu uliofuata watu wa listi yetu ndio walikwenda kukopa mbegu kwake: unachukua beseni moja, ukivuna unarudisha beseni na bakuli juu yake.

Tulikwenda kumwomba radhi. Akacheka, akasema: "Batoto yangu, munaandika sana. Mbele ya kuandika, muulize mutu iko na nini, musiulize tu iko anakosa nini." Tangu siku ile listi zetu zinaanza na swali hilo, na wafadhili wajue limetoka wapi.

Hakuwa malaika. Aliyechelewesha beseni alisikia jina lake soko zima. Wajukuu nao hawakuthubutu kurudi na daftari bila kazi ya mwalimu. Lakini minervali ya yule binti mkubwa, aliye sasa mwaka wa mwisho wa sekondari, ilitoka kwenye mawese aliyoyakamua mama mwenyewe, akayapeleka sokoni kichwani, na ile fimbo mkononi.

Sasa wazee, tuseme neno lenye kutuleta. Tangu maziko tunasikia kwamba watoto watagawanywa, kila mmoja kwa mjomba wake, na shamba litachukuliwa. Ukoo una sheria zake, hatuwezi kuwafundisha. Tunaomba tu: mngojee binti amalize mtihani wa dola. Wakae wanne pamoja katika nyumba ya nyanya yao, walime shamba lile lile. Chama kimekubali kulipa minervali ya mwaka huu kutoka sanduku la msaada, na mama mmoja jirani amekubali kulala nao.

Beseni yenyewe ni hii hapa. Jirani mmoja ameirudisha juzi, imejaa, na bakuli juu yake. Mvua ya mwezi wa tisa iko karibu, na watoto wameshaanza kufyeka.