Mahali pa Kazi Panavyoweza Kumsaidia Mvutaji Kuacha Sigara



Mkoa wa Kagera haukuanza leo kuzungumzia afya kazini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa huu mwaka 1983, na miaka iliyofuata iliwafundisha wakazi wa Bukoba na Muleba, kwa misiba mingi, kwamba mfanyakazi mgonjwa hasaidiwi kwa kunyoshewa kidole. Alisaidiwa na mwenzake aliyepata mafunzo ya uelimishaji rika, na mwajiri aliyemruhusu kwenda kliniki, na siri iliyotunzwa. Mwaka 2014 mwongozo wa utumishi wa umma uliyaweka magonjwa sugu yasiyoambukiza pamoja na UKIMWI katika huduma za afya mahali pa kazi. Tumbaku ni miongoni mwa visababishi vikuu vya magonjwa hayo.

Hata hivyo, mara nyingi habari ya sigara huishia kwenye kibao cha ukutani. Kibao kina nguvu ya sheria, kwa kuwa Sheria ya mwaka 2003 ya kudhibiti bidhaa za tumbaku inazuia kuvuta katika maeneo ya umma yaliyotajwa. Lakini kibao humhamisha mvutaji tu: humtoa ofisini na kumpeleka nyuma ya ghala. Hakimwambii aache vipi.

Kuacha ni kugumu kwa sababu nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na ubongo ukishaizoea huidai. Anayeacha hupatwa na hasira, hukosa usingizi na utulivu. Dalili huwa kali siku za mwanzo, kisha hupungua kadiri wiki zinavyopita. Siku hizo kali ndizo mtu yuko kazini. Msimamizi asiyelijua hilo humwona mkorofi. Anayelijua humpa nafasi ya kunywa maji na kutembea kidogo, kwani hamu yenyewe kwa kawaida hupita baada ya dakika chache. Wapo watakaopenda kutafuna kahawa, kama ilivyo desturi ya Wahaya. Hiyo si dawa. Wengi hurudia kuvuta mara kadhaa kabla ya kuacha kabisa, na anayerudia hapaswi kuondolewa katika mpango wala kutajwa jina kikaoni.

Mpango wenyewe hauhitaji fedha nyingi. Ushauri wa mhudumu wa afya wa dakika 3 hadi 5 huongeza idadi ya wanaofaulu kuacha. Mwajiri amwalike mhudumu wa zahanati ya jirani, achague mwelimishaji rika, afadhali aliyewahi kuvuta akaacha, na kila anayetaka kuacha ajipangie tarehe.

Ugumu mkubwa uko ziwani. Karani wa halmashauri na mfanyakazi wa kiwanda cha kahawa mjini Bukoba wana ofisi na mwajiri anayejulikana. Mvuvi wa dagaa wa Goziba au Bumbiire, wilayani Muleba, hukesha kwenye upepo kwa mwanga wa taa, na sigara hupokezanwa mtumbwini ili kufukuza usingizi na baridi (pengine karibu na dumu la petroli, jambo ambalo ni hatari nyingine kabisa). Afisa utumishi hana. Lakini ana tajiri wa mtumbwi, ana wenzake, na mwalo wake una uongozi wa BMU. Hao wanatosha kuanzisha mpango. Zaidi ya hayo zipo siku za mbalamwezi, ambapo uvuvi wa dagaa husimama na wavuvi hubaki mwaloni. Hizo ndizo siku za kumwita mhudumu wa afya, na mvuvi akizifanya kuwa tarehe yake ya kuacha, siku ngumu za mwanzo zitamkuta nchi kavu, akiwa amelala usiku.

Mkazi yeyote aliye tayari afike zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, aeleze huvuta sigara ngapi kwa siku na tangu lini. Saa 12 baada ya sigara ya mwisho, sumu ya kaboni monoksaidi iliyomo kwenye damu huwa imeshuka hadi kiwango cha kawaida.